Halipi matunzo kamili, nami nimemzuia asiwaone watoto

SWALI

Washauri, habari za kazi? Mimi ni mama wa watoto wawili, wa kiume ana miaka 9 na wa kike ana miaka 3. Ndoa yetu ilivunjwa na mahakama mwaka jana. Hukumu ilisema watoto wakae kwangu, baba yao atoe matunzo kila mwezi, na kuhusu kuwaona iliandikwa mstari mmoja tu: "baba atakuwa na haki ya kuwaona watoto kwa nyakati zinazofaa."

Hizo nyakati zinazofaa ndizo zimetufikisha hapa. Anakuja akijisikia. Mara saa 4 usiku watoto wamelala, mara anaahidi Jumamosi, mkubwa anakaa dirishani na viatu mguuni mpaka giza linaingia, na hata simu hapigi. Matunzo alilipa vizuri miezi mitatu, akaanza kutoa nusu, mwezi mwingine hatoi kabisa. Nikimdai ananiambia alimnunulia mtoto viatu na begi, kwa hiyo tumemalizana. Miezi miwili iliyopita nikamwambia asiyelipa haoni watoto. Tangu hapo hajawaona, wala hajatoa hata senti.

Sasa ananitumia ujumbe kwamba atarudi mahakamani awachukue, na kwamba mkubwa ameshamwambia anataka kuishi naye. Juu ya hayo amepata kazi nje ya nchi, anataka likizo ijayo aondoke na mkubwa "akatembee." Naomba kujua: nina haki ya kumzuia? Deni nitalipataje? Mtoto wa miaka 9 anaweza kuchagua? Na nikikubali asafiri naye, asipomrudisha je?

Mama wa Wawili

JIBU

Mama wa Wawili, pole. Tuanze na lile ambalo hutalipenda: kumzuia baba asiwaone watoto kwa sababu hajalipa ni kosa, na katika yote uliyotueleza ndilo kosa la kwako ambalo wakili wake atalishikilia. Matunzo na kuonana ni amri mbili zilizoandikwa kwenye karatasi moja. Moja ikivunjwa, nyingine haifutiki. Yeye hawezi kusema "sijawaona watoto, kwa hiyo silipi," nawe huwezi kusema "hujalipa, kwa hiyo huwaoni." Mahakama huona hivyo kwa kuwa mwenye haki hizo mbili ni mtoto. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao karibu nchi zote duniani zimeuridhia, unampa mtoto aliyetengana na mzazi haki ya kuendelea kuonana na kuwasiliana naye, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kunamdhuru (ibara ya 9). Mkataba huo huo unazitaka nchi zihakikishe matunzo yanadaiwa kwa mzazi hata akiwa nje ya nchi (ibara ya 27).

Sababu za kumzuia zipo, ila ni za usalama: amekuja amelewa na anataka kuwaendesha watoto kwenye gari, amempiga mtoto, ametishia kwamba akimchukua hamrudishi. Hata hapo usiishie kufunga mlango. Siku hiyo hiyo toa taarifa polisi au kwa afisa ustawi wa jamii, na siku ya kazi inayofuata peleka maombi ya dharura mahakamani, uombe awe anawaona mbele ya mtu mzima wa tatu mpaka jambo lichunguzwe. Mzazi aliyezuia na kutoa taarifa siku ile ile anaonekana anamlinda mtoto. Aliyezuia miezi miwili bila kutoa taarifa popote anaonekana anakomoa.

Kwa hiyo usingoje afungue shauri. Wiki hii mwandikie wewe kwanza, kwa ujumbe unaobaki kwenye simu, kitu cha namna hii: "Watoto watakuwa tayari Jumamosi saa 3 asubuhi, getini kwangu. Naomba uwarudishe saa 9 alasiri. Mdogo hulala kidogo baada ya chakula cha mchana. Ana dawa ya kikohozi, kijiko kimoja saa 8 mchana, chupa ipo kwenye begi." Usiweke neno juu ya pesa, usimkumbushe yaliyopita. Ujumbe huo uandike kana kwamba hakimu ndiye atakayeusoma, maana huenda akausoma kweli. Asipotokea, baki nao, na wiki inayofuata tuma mwingine. Tumechagua mchana mmoja tu kwa sababu ya mdogo: kwa mtoto wa miaka 3 miezi miwili ni mirefu, na baba anayetaka kufidia kwa kukaa naye siku mbili mfululizo atakurudishia mtoto anayelia usiku kucha. Kila mmoja atamlaumu mwenzake, wakati mtoto amezidiwa tu na ugeni.

Tatizo lenu la msingi ni ule mstari wa "nyakati zinazofaa." Mahakama huuandika ikiamini wazazi watapatana. Wanaopatana hawahitaji kuandikiwa, na wasiopatana hauwasaidii. Ubaya wake mwingine ni kwamba hauna cha kukazia: huwezi kumshtaki mtu kwa kuchelewa pasipokuwa na saa, wala yeye hawezi kuthibitisha kwamba ulimnyima siku yake wakati hakuna siku iliyotajwa. Rudi katika mahakama iliyotoa hukumu, kwa namba ile ile ya shauri, uombe amri ifafanuliwe kwa ratiba. Huhitaji kuanza kesi mpya. Utaambatanisha nakala ya hukumu iliyothibitishwa na mahakama, hati ya kiapo inayoeleza kinachokwama, na ratiba unayoipendekeza wewe. Hiyo ratiba ndiyo watu wengi huisahau. Anakwenda mzazi kulalamika, hakimu anamuuliza "unataka nini?", anabaki kusema "afuate utaratibu." Aliyekuja na utaratibu ulioandikwa ndiye mapendekezo yake huanza kujadiliwa.

Ratiba ya watoto wawili waliopishana miaka sita haiwezi kuwa moja. Mdogo anahitaji mara nyingi na muda mfupi: mara mbili au tatu kwa wiki, saa mbili hadi tatu kila mara, kisha siku nzima, na kulala huko kuje baada ya wiki kadhaa za siku nzima zilizokwenda vizuri. Mkubwa anaweza kwenda wikendi moja baada ya nyingine, kuanzia Ijumaa anapotoka shule hadi Jumapili saa 12 jioni, na jioni moja katikati ya wiki. Andika wikendi zihesabiwe kuanzia tarehe gani. Usikubali maneno "Ijumaa ya kwanza na ya tatu ya mwezi," yanaonekana mepesi lakini mwezi wenye Ijumaa tano huacha mtoto akae wiki tatu bila kumwona baba, na mwezi ukianza Jumamosi mtaanza kubishana kama ile ni wikendi ya kwanza au ni ya mwezi uliopita. Ukihesabu wiki kwa wiki kuanzia tarehe iliyotajwa hubishani na mtu. Ongeza tu sentensi inayosema kama likizo ikikatisha hesabu, hesabu inaanza upya au inaendelea pale ilipofika.

Likizo nazo zigawanywe nusu kwa nusu, na nusu ya kwanza iende kwa mzazi mmoja miaka inayogawanyika kwa mbili, kwa mwingine miaka isiyogawanyika. Taja likizo inaanza lini hasa: siku shule inapofungwa, au kesho yake saa 3 asubuhi? Ugomvi mwingi wa likizo huwa juu ya siku moja ya kuanza na moja ya kumalizia.

Kuna vifungu vingine vifupi ambavyo vingekuokoa na zile Jumamosi za dirishani. Kuchelewa kuwe na kikomo, dakika 30 zinatosha. Zikipita bila simu, siku hiyo imepotea na wewe uko huru kutoka na watoto. Kuahirisha kutolewe taarifa saa 24 kabla, isipokuwa kwa ugonjwa. Siku iliyoahirishwa kwa taarifa ifidiwe ndani ya wiki mbili; ile ambayo mtu hakutokea tu, isifidiwe. Simu kwa mkubwa, siku mbili za wiki saa iliyotajwa, dakika 15. Mdogo dakika tano ni nyingi, usiwalazimishe wote wawili. Mahali pa kukabidhiana pawe shuleni kila inapowezekana: wewe unampeleka Ijumaa asubuhi, yeye anamchukua mchana. Hamkutani, na mtoto haoni nyuso mbili zilizokunjwa. Na mkubwa asimwambie mdogo kwamba baba anakuja kabla ya asubuhi ya siku yenyewe, angalau mpaka baba aonyeshe kwamba anakuja kweli.

Kabla ya mahakamani, mpelekee mzazi mwenzako ratiba hiyo kwa barua na umpe siku 14 ajibu. Akikubali, au mkipatana mbele ya msuluhishi, msiishie kutia sahihi nyumbani. Makubaliano ya mdomo, na mara nyingi hata ya maandishi, hayabadilishi hukumu mpaka mahakama iyapokee na kuyafanya amri.

Sasa deni. Viatu na begi ni zawadi. Amri inaposema atoe kiasi fulani kila mwezi mikononi mwako au kwenye akaunti, kununua kitu kwa hiari yake hakupunguzi kiasi hicho, isipokuwa wewe ulikubali au amri yenyewe inaruhusu. Chunguza lakini usije ukawa ulimjibu "sawa, nitakata kwenye ya mwezi huu," maana ujumbe huo unamtosha.

Tengeneza jedwali la safu nne: mwezi, kilichoamriwa, kilicholipwa, baki inayosogea. Tuseme amri ni 100 kwa mwezi. Januari amelipa 100, baki 0. Februari 60, baki 40. Machi hakulipa, baki 140. Aprili alijitutumua akalipa 120, baki 120. Hiyo Aprili ndiyo inayoharibu hesabu za wengi: mzazi anaiandika kama mwezi uliolipwa na ziada, anasahau kwamba ziada ya 20 imepunguza deni la nyuma. Ukidai 140 wakati ni 120, mpinzani atalikuza kosa hilo dogo mpaka jedwali zima lionekane la kubuni. Kila mstari uupe uthibitisho, taarifa ya benki au ya malipo ya simu. Kama amewahi kukupa taslimu, ziandike pia, hata kama hana ushahidi. Na kuanzia sasa kataa taslimu kwa upole, mwombe atume kwa njia inayoacha alama na aandike ni ya mwezi gani.

Yeye akidai kipato chake kilishuka, jibu lake ni hili: alipaswa kurudi mahakamani siku kilipotetereka. Mlipaji hapunguzi mwenyewe. Mpaka amri ibadilishwe deni linaendelea kukua kwa kiwango cha zamani, na katika nchi nyingi mahakama ikishapunguza huhesabu kuanzia tarehe ya maombi, hairudi nyuma kufuta miezi iliyokwisha kulimbikizwa. Hapo ndipo wababa wengi wasio wabaya huzama: walipoteza kazi kweli, wakanyamaza kwa aibu, na miezi ilipofika minane deni lilikuwa kubwa kuliko walivyoweza kulieleza.

Njia ya kulipata inayofanya kazi kuliko zote ni makato ya mshahara. Mahakama humwandikia mwajiri, naye hukata kabla mshahara haujamfikia. Zipo nyingine, kukamata mali au fedha za benki, na kumwita mdaiwa ajieleze kwa nini asiadhibiwe kwa kudharau amri. Kifungo huogopesha, lakini aliyefungwa hapati mshahara wa kukatwa, kwa hiyo kiwe cha mwisho. Kwako kuna haraka ya pekee: akishahamia nje, amri ya makato ya hapa haimfikii mwajiri wa huko moja kwa moja. Ipo mikataba ya kudai matunzo kuvuka mipaka, wa New York wa 1956 na wa Hague wa 2007, lakini husaidia tu kama nchi zote mbili zimejiunga na mkataba huo, na hata hapo si jambo la wiki mbili. Peleka maombi ya deni kabla hajaondoka. Omba pia aache maelekezo ya kudumu benki, yaani benki ikutumie matunzo yenyewe kila mwezi, na dhamana ya miezi kadhaa.

Kazi hiyo mpya, ikiwa inalipa zaidi, ni sababu ya kuomba kiwango kipitiwe upya. Utaratibu wa kukokotoa hutofautiana, ila mahali pengi huanza na mapato ya wazazi wote wawili. Yeye akipata 600 na wewe 400, na gharama za watoto ni 300, fungu lake ni asilimia 60, yaani 180, na lako 120, ambalo unahesabiwa unalitoa kwa kuishi nao. Kwa hiyo nawe uwe tayari kuonyesha mapato yako. Matibabu na ada za shule ziwe na kifungu chake: asilimia ya kila mmoja, risiti itumwe ndani ya siku 14, mwenzake alipe ndani ya siku 14 baada ya kuipata. Mzazi anayekusanya risiti za mwaka mzima na kuzimwaga kwa siku moja huishia kubishana.

Kuhusu kuwachukua watoto: si rahisi kama anavyotamba. Anayetaka kubadilisha anakoishi mtoto lazima aonyeshe hali imebadilika kweli tangu hukumu, na kwamba mabadiliko hayo ni kwa ustawi wa mtoto. Mahakama hupenda kumwacha mtoto pale alipozoea, shule ile ile, na kaka na dada wasitenganishwe. Mtu anayeondoka kwenda kufanya kazi nje, na ambaye hana rekodi ya kufika Jumamosi, ana kazi ya kueleza nani atakuwa na mtoto wakati yuko kazini. Kinachoweza kumsaidia ni kimoja, nacho ni ile miezi miwili. Mzazi anayeendelea kumfungia mwenzake mtoto bila sababu anaweza kupoteza mtoto kwa hilo peke yake. Ndiyo maana tumekuambia uanze na Jumamosi hii.

Mtoto wa miaka 9 husikilizwa, hachagui. Ibara ya 12 ya mkataba ule inasema maoni yake yapewe uzito kulingana na umri na upevu wake. Mara nyingi hakimu huzungumza naye ofisini bila wazazi, au humtuma afisa ustawi nyumbani kwa kila mzazi. Usimfundishe cha kusema. Mtoto aliyefundishwa hujulikana haraka: anasema "baba halipi matunzo" kwa maneno ya watu wazima, na ukimuuliza matunzo ni nini, anatazama mlango. Akikuambia anataka kwa baba, usilie mbele yake wala usimhoji. Huenda amesema hivyo hivyo kwa baba kuhusu wewe. Watoto wengi humwambia kila mzazi anachodhani kitamfurahisha. Na ujumbe wa "mwambie mama yako" ukija kupitia kwake, mjibu baba moja kwa moja kwa simu na umwambie mtoto hiyo si kazi yake.

Safari usiikatae moja kwa moja, wala usiikubali kwa maneno. Kwanza hakikisha ni nani anashika pasipoti ya mtoto. Kama hana, iulize mamlaka ya pasipoti kama inahitaji sahihi za wazazi wote wawili, na uwaarifu kwa maandishi kwamba kuna shauri. Kisha dai haya kwenye karatasi: tarehe ya kwenda na kurudi, tiketi za pande zote mbili zilizokwisha kulipwa, anwani atakakofikia, nani anamtazama baba akiwa kazini, siku za simu, na sentensi inayosema wazi kwamba makazi ya kawaida ya mtoto yanabaki hapa na kwamba ridhaa yako inaishia tarehe fulani. Sentensi hiyo ina uzito kuliko nyingine zote, kwa sababu ya Mkataba wa Hague wa 1980 juu ya watoto wanaochukuliwa au kuzuiliwa nje ya nchi yao. Unamhusu mtoto aliye chini ya miaka 16, na hauamui nani alee. Unaamua tu kwamba arudishwe alikokuwa anaishi, ili mahakama ya huko iamue. Utetezi wa kawaida wa mzazi aliyemzuia mtoto ni "mama aliridhia tuhamie." Karatasi yenye tarehe inaukata.

Mkataba huo unafanya kazi kati ya nchi zilizojiunga na kukubaliana. Uliza kama nchi anakokwenda ni mojawapo kwa nchi yenu. Ikiwa ndiyo na mtoto hakurudi, nenda siku hiyo hiyo kwa ofisi ya serikali inayousimamia hapo mlipo, usikae ukibembeleza kwa simu: maombi yakifunguliwa kabla mwaka haujapita tangu azuiliwe, kumrudisha ndiyo kanuni na kukataa kuna sababu chache. Mwaka ukipita, anaweza kudai mtoto ameshazoea. Ikiwa si mojawapo, tungekushauri uikatae safari hii mpaka mahakama iweke dhamana ya fedha inayouma na baba apate amri inayofanana na ya mahakama ya hapa kutoka mahakama ya huko kabla ya kuondoka. Likizo ya kwanza wanaweza kuimalizia nchini, naye akaja.